Jeni na Akili: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Barua nyingi tulizopokea zinauliza jambo lile lile kwa sura tofauti: mtoto anapozaliwa, akili yake imekwisha kupangwa na jeni, yaani maagizo ya mwili anayorithi kwa wazazi, au bado? Tumechagua saba. Kabla ya kuanza, tukubaliane juu ya neno lenyewe. Katika safu hii "akili" ni kile kinachopimwa na vipimo vya IQ: kukumbuka, kupambanua maumbo, kujua maana ya maneno, kasi ya kufikiri. Wastani umewekwa kuwa 100, na takriban watu wawili kati ya watatu huangukia kati ya 85 na 115. Vipimo hivyo havipimi utu, wala busara, wala uwezo wa kuishi na watu.

*Mimi ni mwalimu wa darasa la sita. Nimesoma kwamba asilimia 50 ya akili ni jeni. Je, mwanafunzi akipata alama 80, 40 zimetoka kwa wazazi na 40 ni jasho langu? (Mwalimu, Kitale)*

Hapana, Mwalimu. Asilimia ile haimhusu mwanafunzi mmoja hata kidogo. Inahusu tofauti baina ya watu wengi waliopimwa mahali fulani, wakati fulani. Akili ya mtoto mmoja imejengwa na jeni zake zote na mazingira yake yote kwa pamoja. Ugali ukishaiva huwezi kuukata ukasema kipande hiki ni maji na hiki ni unga.

Uko Kitale, kwa hiyo tutumie mahindi. Chukua mbegu za kienyeji zilizochanganyika, si chotara za dukani ambazo zinafanana mno. Gawa gunia mara mbili bila kuchagua. Nusu panda kwenye shamba lililolimwa vizuri, lenye mbolea ya kupandia na ya kukuzia, mistari imenyooka, palizi kwa wakati. Nusu panda kwenye udongo uliochoka, bila mbolea. Ndani ya shamba la kwanza kila mmea umepata matunzo sawa, hivyo mmoja ukimzidi mwenzake kimo, sababu kubwa ni mbegu. Ndani ya shamba la pili ni vivyo hivyo. Lakini tofauti kati ya shamba na shamba haitokani na mbegu, maana gunia lilikuwa moja. Ukilielewa hilo vizuri, umekwisha kupata nusu ya majibu ya barua zote zilizomo hapa.

Sasa, asilimia ile inapatikanaje? Njia ya zamani ni mapacha. Mapacha wa yai moja wana jeni zilezile. Wa mayai mawili wanashirikiana takriban nusu ya zile zinazotofautiana baina ya watu, sawa na ndugu wengine wa tumbo moja. Mwaka 1981 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za kupima akili za ndugu. Kwenye kipimo cha kufanana kinachokwenda kutoka 0 hadi 1, mapacha wa yai moja waliolelewa pamoja walipata 0.86, wa mayai mawili 0.60. Hesabu yake ni hii: toa 0.60 kwenye 0.86, unapata 0.26, zidisha kwa mbili, unapata 0.52. Hiyo ndiyo "asilimia 50" uliyoisoma, nayo tutaiita kiasi cha urithi. Kinachobaki ni 0.34 ya nyumba moja na malezi ya pamoja, na 0.14 ya mambo yanayompata mtoto mmoja peke yake, pamoja na makosa ya kipimo chenyewe.

Hesabu hii ina nyufa zake. Ikiwa mapacha wa yai moja hutendewa kwa kufanana kuliko wale wengine, wakavishwa sare na kuketishwa dawati moja, kiasi cha urithi kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Kwa upande mwingine, watu huoana na wanaofanana nao kielimu, na jambo hilo huwafanya hata mapacha wa mayai mawili wafanane zaidi, hivyo kiasi kikashuka. Tena, tafiti nyingi zimefanyika katika nchi ambazo karibu kila mtoto yuko shuleni, amechanjwa na ameshiba. Mazingira yakilingana, tofauti zinazobaki huwa za jeni, na asilimia hupanda. Mahali ambapo mmoja ana kitabu na mwenzake hana, asilimia inaweza kushuka. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, wa mapacha wenye umri wa miaka saba, ulikuta kwamba katika familia maskini mazingira ya pamoja yalieleza karibu asilimia 60 ya tofauti na jeni karibu sifuri, ilhali katika familia zenye uwezo mambo yalikuwa kinyume. Tafiti zilipokusanywa pamoja miaka 13 baadaye, hali hiyo ilionekana tena Marekani, lakini haikuonekana Ulaya Magharibi wala Australia.

Umri nao unabadilisha. Mwaka 2010 zilichapishwa takwimu za jozi 11,000 za mapacha kutoka nchi nne: kiasi cha urithi kilikuwa asilimia 41 wakiwa na miaka tisa, 55 wakiwa na 12, na 66 wakiwa na 17. Wengi hushangaa, maana walitarajia mazingira yarundikane kadiri mtu anavyokua. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mtoto akikua huanza kujichagulia mazingira. Anayependa kusoma hutafuta vitabu, huketi na wasomaji, huuliza maswali, na mwelekeo mdogo wa kuzaliwa nao hujiongezea wenyewe mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo, Mwalimu, hata hicho kinachoitwa "jeni" kwenye takwimu kinapitia darasani kwako. Na kazi yako ina kipimo chake: uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha watu zaidi ya 600,000 ulikuta kwamba kila mwaka mmoja wa shule unaongeza kati ya alama moja na tano za IQ.

*Mume wangu ameonyeshwa kwenye simu kwamba akili ya mtoto hutoka kwa mama. Sasa binti yetu akifeli, lawama ni yangu. Ni kweli? (Mama wa watoto watatu, Tanga)*

Si kweli, Mama, na umwonyeshe mumeo ukurasa huu. Mtoto hupata kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, 23 kwa mama na 23 kwa baba. Tofauti za jeni zinazohusiana na akili zimetapakaa karibu kromosomu zote, na baba anachangia sawa na mama.

Uvumi huo una mizizi miwili. Mmoja ni majaribio ya maabara ya miaka ya 1990 kwa vijusi vya panya, ambamo chembe zenye jeni za mama peke yake zilikusanyika zaidi sehemu ya juu ya ubongo. Hayakupima akili ya mtu yeyote. Wa pili ni kromosomu X. Ni kweli kwamba ina jeni nyingi ambazo zikiharibika huleta ulemavu wa akili, na kwa kuwa mvulana ana X moja tu, ya mama, hana ya akiba. Mfano unaojulikana ni jeni ya FMR1: herufi tatu za DNA (kemikali ambamo jeni zimeandikwa), CGG, zikijirudia zaidi ya mara 200, jeni hujifunga na mtoto hupata ulemavu, wavulana kwa ukali zaidi. Lakini huo ni ugonjwa adimu, si tofauti ya kawaida kati ya mwanafunzi wa kwanza na wa ishirini.

Binti akifeli, mama hana kosa la kuzaliwa nalo.

*Mimi na mke wangu sote tumesoma chuo kikuu. Mtoto wa kwanza ni hodari, wa pili anasuasua. Baba mmoja, mama mmoja, nyumba moja, shule moja. Tumekosea wapi? (Baba, Dar es Salaam)*

Ndugu, wanao hawakugawiwa karata zilezile. Kila mzazi ana jozi 23 za kromosomu na humpa mtoto moja kutoka kila jozi, bila kuchagua. Kwa mzazi mmoja tu michanganyiko inayowezekana ni 8,388,608, na bado kromosomu hubadilishana vipande kabla ya kugawiwa. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja hutofautiana kwa wastani wa alama 12 hivi za IQ, wakati watu wawili wasiojuana hutofautiana kwa 17. Wala nyumba moja haimaanishi mazingira sawa: kifungua mimba alikuwa na wazazi peke yake, mdogo alikuta mshindani.

Kuna na jambo la kurudi kwenye wastani. Tuseme wazazi wote wawili wana 130 na kiasi cha urithi ni nusu. Matarajio ya mtoto wao si 130 bali 115, kwa sababu sehemu ya kilichowafikisha wazazi pale juu ni bahati na mazingira yao, visivyopita kwenye damu. Ni kama mtoto wa watu warefu sana: atakuwa mrefu, mara nyingi si kama wao.

Hata hivyo, kabla ya kusema "ndivyo alivyozaliwa", mchunguzeni. Sisi tungeanza na macho: apimwe kwa chati, kila jicho peke yake, maana mtoto mwenye jicho moja bovu hulificha bila kujua. Kisha masikio, hasa kama ana historia ya kutokwa usaha. Kisha damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma humfanya mtoto achoke na asikaze mawazo hata kabla hajaonekana mweupe viganjani. Muulizeni mwalimu kama huwa anaduwaa sekunde kumi hivi, macho yamekazana, haitiki, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hicho chaweza kuwa kifafa cha kuzubaa, na kina dawa. Na je, amewahi kulazwa kwa malaria iliyopanda kichwani? Watoto waliofuatiliwa Kampala baada ya malaria ya ubongo, mmoja kati ya wanne alikuwa bado na upungufu wa kufikiri miaka miwili baadaye. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kupimwa na kusaidiwa, na kumlinganisha na kaka yake hakumsaidii kitu.

*Kaka yangu aliyeko Toronto amenitumia tangazo: unatuma mate ya mtoto, wanakuletea "alama ya jeni za akili". Bei si ndogo. Nilipe? (Mzazi, Nairobi)*

Usilipe. Tutakueleza kwa hesabu, kwa kuwa barua za namna hii zimekuja nyingi.

Hakuna jeni ya akili. DNA ya mtu ina herufi bilioni tatu hivi, na ukimlinganisha mtu na nakala ya rejea wanayoitumia wanasayansi, atatofautiana nayo katika sehemu milioni nne hadi tano. Mwaka 2018 utafiti wa watu 269,867 ulipata sehemu 205 za DNA zinazohusiana na akili, zikigusa jeni 1,016. Mwaka 2022 utafiti wa watu milioni tatu ulitafuta zinazohusiana na miaka ya kusoma, ukapata alama 3,952. Kila moja ina nguvu ndogo mno. Zile za kwanza kugunduliwa, mwaka 2013, tena ndizo zilizokuwa na nguvu kuliko zote, kila nakala ilikwenda na mwezi mmoja hivi wa ziada darasani.

Kampuni hufanya hivi: husoma alama hizo kwenye mate, huipa kila moja uzito wake mdogo, kisha hujumlisha. Jumla hiyo, kwa watu wenye asili ya Ulaya, hueleza takriban asilimia saba hadi kumi ya tofauti za akili zilizopimwa. Tuchukue ile kubwa, kumi. Bila kipimo chochote tunajua kwamba watoto 95 kati ya 100 wako kati ya 71 na 129. Sasa mtoto wako amepata alama ya jeni iliyo juu kuliko watoto 84 kati ya 100. Utafurahi. Lakini matarajio yake ya IQ ni 105 tu, na ukweli wake unaweza kuwa popote kati ya 77 na 133. Umelipa fedha ili upana wa kutojua ushuke kutoka alama 59 hadi 56.

Na hapo ni kwa mtoto wa Ulaya. Alama ambazo kampuni zinasoma ni kama vibao vilivyo karibu na chanzo, yaani badiliko la DNA lenye athari, maana chanzo chenyewe mara nyingi hakijulikani. Ni kama kumtafuta mtu kwa kuuliza jirani yake anakaa wapi. Kwa Wazungu kibao na chanzo bado wanakaa mlango kwa mlango. Afrika ndiko binadamu walikoishi muda mrefu zaidi, vipande vya kromosomu vimechanganywa vizazi vingi zaidi, na jirani alishahama. Mwaka 2019 watafiti walipolinganisha sifa 17 za mwili na damu, usahihi wa alama za namna hii kwa watu wa asili ya Afrika ulikuwa pungufu mara nne na nusu. Wakati huo asilimia 79 ya watu wote waliowahi kuingizwa kwenye tafiti hizi walikuwa wa asili ya Ulaya. Akili ikifuata mkondo huo, alama ileile ya juu kwa mtoto wako inamaanisha matarajio ya 102, kati ya 73 na 131. Yaani karibu hujaambiwa kitu.

Kuna dosari ya tatu, na hii hata wanaouza hawaitaji. Sehemu ya nguvu ya alama hizo si jeni za mtoto bali nyumba yake. Iceland mwaka 2018 walipima jeni ambazo wazazi walikuwa nazo lakini *hawakumrithisha* mtoto. Zilipaswa kuwa bure kwake. Lakini zilitabiri kiwango chake cha elimu kwa takriban asilimia 30 ya nguvu ya zile alizorithi, kwa sababu jeni za mzazi hujenga mazoea ya mzazi, na mazoea hayo ndiyo malezi. Ndiyo maana ukilinganisha ndugu wa nyumba moja, nguvu ya alama za elimu hushuka hadi karibu nusu.

Jambo la mwisho ni siri. Nywila ikivuja unaibadilisha. DNA huibadilishi, tena ni nusu ya DNA yako na ya mzazi mwenzako, na mtoto mwenyewe hakuulizwa. Sheria ya Kenya ya kulinda taarifa binafsi, ya mwaka 2019, inahesabu taarifa za jeni kuwa nyeti, lakini mate yakishavuka mpaka ni vigumu kuyafuata. Kama kaka yako tayari ameagiza, mwambie aiulize kampuni kwa maandishi: alama hii ilijaribiwa kwa Waafrika wangapi, inaeleza asilimia ngapi kwa ndugu wa nyumba moja, na mate yanateketezwa lini. Wasipojibu mawili ya kwanza kwa tarakimu, fedha zibaki mfukoni.

*Familia inataka nimwoe binti wa ami yangu. Kuna wanaosema watoto watakuwa wazito wa akili. (Kijana, Maskati)*

Watoto wengi wa mabinamu huzaliwa salama na wana akili timamu. Hatari ipo, lakini ijulikane ukubwa wake. Binamu wa kwanza wanashirikiana moja ya nane ya jeni kwa urithi wa babu na bibi, na mtoto wao, kwa wastani, hupata nakala mbili za jeni ileile, nzuri au mbovu, katika sehemu moja ya kumi na sita ya DNA yake. Uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro kubwa, ambao kwa wazazi wasio ndugu ni asilimia mbili hadi tatu, hupanda kufikia kama nne hadi sita. Kama babu zenu nao walioana ndugu kwa ndugu, ongeza. Baadhi ya magonjwa hayo hugusa ubongo.

Fanyeni mambo mawili kabla ya posa kukamilika. Kwanza, kaeni na wazee mchore ukoo vizazi vitatu: nani alizaa watoto waliokufa wadogo, nani ana mtoto asiyesikia, mwenye degedege, aliyechelewa kusema. Wazee huyaficha haya kwa stara. Waulizeni kwa upole lakini waulizeni. Pili, pimeni damu, selimundu na thalasemia, magonjwa ya damu ya kurithi, zikiwa za kwanza. Wengi hawajui kwamba selimundu ni suala la akili pia: chembe zilizojikunja huziba mishipa midogo ya ubongo, na mtoto hupata viharusi visivyoonekana, bila kupooza wala kulalamika, ila darasani anashuka. Akiwa na ugonjwa huo, mishipa ya kichwa hupimwa kwa mawimbi ya sauti kila mwaka kuanzia miaka miwili, na dawa ya haidroksiyurea hupunguza hatari.

Tuongeze mfano mmoja ambao tunatamani kila msomaji aubebe. Fenilketonuria ni ugonjwa wa jeni moja: mwili haumegi fenilalanini iliyomo kwenye protini, inarundikana na kuharibu ubongo. Asiyetibiwa hupata ulemavu mkubwa wa akili. Ni wa kurithi kabisa. Lakini mtoto akipimwa kwa tone la damu ya kisigino siku za kwanza, akawekwa kwenye mlo wenye fenilalanini kidogo, hukua na akili ya kawaida. Kitu kinaweza kuwa cha jeni tupu na kikazuilika kwa chakula.

*Mtandaoni kuna ramani za "IQ za mataifa", Afrika ikiwa chini. Wanasema ni jeni. Nawajibu nini? (Mwanafunzi, Kampala)*

Waambie warudi kwenye mashamba mawili ya Kitale. Kiasi cha urithi ndani ya kundi hakisemi chochote juu ya tofauti kati ya makundi. Na alama za jeni, kama tulivyoeleza, hazisafiri kutoka Ulaya hadi Afrika. Anayezitumia kulinganisha mabara anatumia rula iliyopinda.

Kisha uliza walipima nini. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Robert Serpell aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi moja: nakili umbo hili. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Manchester walishinda. Kwa waya, ule ambao watoto wa Zambia hutengenezea magari ya kuchezea, watoto wa Lusaka walishinda. Kwa udongo wa mfinyanzi, walikuwa sawa. Fikiria angekuja na karatasi peke yake angeandika nini. Kule Usenge, pwani ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 waliulizwa juu ya dawa za mitishamba, ipi kwa ugonjwa upi na kiasi gani. Waliojua zaidi walielekea kupata alama *za chini* zaidi kwenye vipimo vya kishule. Kwa Kijaluo "rieko" ni neno la maarifa, lakini karibu nalo wanaweka "luoro", heshima, na "winjo", kuelewa. Na karibu na Bagamoyo watoto 358 walipewa vipimo vya kufikiri, wakafundishwa namna ya kuvikabili kwa muda usiofika saa moja, wakapimwa tena. Alama zilipanda, na mpangilio wa nani yuko mbele ulibadilika sana. Nani basi alikuwa na akili zaidi, yule wa kwanza asubuhi au yule wa kwanza baada ya somo?

Halafu kuna Embu, Kenya. Watoto wa kijijini walipimwa mwaka 1984, na wengine wa umri huohuo mwaka 1998. Katika miaka 14 alama zilipanda kwa kiasi kikubwa, hasa kwenye kipimo cha mafumbo ya maumbo ambacho wengi hudhani hakiguswi na mazingira. Jeni za wilaya nzima hazibadiliki kwa miaka 14. Watafiti walitaja wazazi waliojifunza kusoma, familia ndogo zaidi, chakula na afya bora. Katika nchi tajiri nako alama zilipanda karne iliyopita kwa takriban tatu kila miaka kumi.

Na Alfred Binet, aliyeunda kipimo cha kwanza Paris mwaka 1905 pamoja na Théodore Simon, alikusudia kuwabaini watoto wanaohitaji kusaidiwa. Waliokigeuza kuwa cheo cha mbari walifanya hivyo baadaye, na si kwa idhini yake. Ubishi huu usiufanye kwa hasira. Ufanye kwa tarakimu.

*Nina mimba ya miezi mitatu. Jeni siwezi kuzibadili. Nini naweza? (Mama mtarajiwa, Njombe)*

Hongera, dada. Unaweza mengi, na kwa kuwa uko nyanda za juu, anza na chumvi. Udongo wa milimani umeoshwa madini joto na mvua, na ndiyo sababu tezi la shingo lilikuwa jambo la kawaida huko kwenu zamani. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za madini joto kwa siku. Akikosa sana, ubongo wa mtoto haujengeki vizuri, na hilo halirekebishiki baadaye. Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto, si ile ya kupima kwa kikombe gengeni. Iweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa jiko, na uitie chakula kikikaribia kuiva, maana madini hayo hupotea kwa joto na hewa. Usiongeze wingi wa chumvi.

Vidonge vya kliniki vya chuma na foliki, umeze kila siku. Vikikuchafua tumbo, meza usiku na chakula kidogo, usiviache. Na chai ya rangi iwe mbali navyo, angalau saa moja, kwa sababu huzuia chuma kuingia mwilini. Dawa ya kuzuia malaria kliniki watakupa kuanzia sasa unapoingia mwezi wa nne, kila mwezi, angalau mara tatu. Chandarua kila usiku. Asiwepo wa kuyeyusha betri kuukuu za gari karibu na nyumba, wala rangi ya zamani kukwanguliwa ndani: madini ya risasi yaliyomo humo hupunguza akili ya mtoto hata kwa kiasi kidogo, kama wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliokuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, walivyojifunza kwa uchungu.

Siku ya kujifungua mwombe mkunga asikimbilie kubana kitovu. Akisubiri dakika moja hadi tatu, mtoto hupokea damu yake iliyobaki kwenye kondo, na akiba hiyo ya chuma humsaidia miezi ya mwanzo. Akifika miezi sita, uji peke yake hautoshi: katika shule 12 za Embu watoto waliowekewa nyama kidogo kwenye githeri (makande) walipanda zaidi kwenye kipimo cha kufikiri kuliko waliowekewa maziwa au mafuta. Dagaa waliosagwa, yai, maini mara moja kwa wiki, vyote vinafaa. Na zungumza naye tangu siku ya kwanza, kwa lugha yako ya nyumbani, ukimtajia kila unachofanya: sasa tunakuna nazi, sasa tunachuja tui, sikia linavyotokota.